Kabla hujafungua Mathayo 28 barazani

Kama wewe ni mzee wa kanisa, au juzi tu umechaguliwa kuwa katibu wa baraza na bado unaona fahari kulikumbatia lile daftari la mihtasari, nakuandikia wewe. Daftari hilo nimelishika miaka tisa katika usharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku mlimani, upande wa Kilimanjaro. Nimeandika mabishano ya kila namna: kwaya ipi iimbe Pasaka, kengele inunuliwe wapi, mahubiri yasizidi dakika ngapi. Hayo huisha, na watu wanakunywa chai pamoja. Bishano lililonifundisha ni moja, tena nililishinda. Taabu ilianzia hapo.

Ilikuwa baada ya sikukuu ya mavuno. Mnada ulichangamka mwaka ule, watu wanashindania mikungu ya ndizi hadi giza linaingia, na tulipojumlisha na ahadi tukajikuta na ziada ya shilingi milioni 11. Baraza likagawanyika. Wengine walitaka fedha ziende mtaa mpya wa tambarare, ambako mwinjilisti alikuwa akiongoza ibada chini ya mti na mvua ikinyesha ibada inaishia katikati. Sisi wengine tulitaka kumalizia chumba cha kliniki ya mama na mtoto, kilichosimama kwenye linta kwa miaka miwili.

Mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu, akasimama na kusoma Mathayo 28: "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi." Akafunga Biblia. Akasema kanisa limeagizwa hilo. Kliniki, serikali ipo. Nami nikasimama na Mathayo 25, nalikuwa na njaa mkanipa chakula, kisha nikaongeza Yakobo 2 juu ya imani isiyo na matendo. Na kwa kuwa ulimi wangu hauna breki, nikauliza kama Yesu angemkuta mama mwenye uchungu wa uzazi angempa kitabu cha nyimbo. Baraza zima likacheka. Kura zikawa 14 kwa 9.

Kicheko kile nilikilipia. Wazee wanne wa mtaa wa yule mzee waliacha kuja vikaoni. Bahasha za ahadi kutoka kwao zikaanza kupungua, mwezi hadi mwezi, na hakuna aliyesema neno. Mchungaji akaniita ofisini. "Katibu, nenda nyumbani kwa mzee. Na Biblia yako iache hapa."

Nilimkuta anapalilia kahawa. Nikamsaidia palizi karibu saa nzima kabla hajasema lolote. Kisha akaanza: "Mwanangu, nimekuwa mwinjilisti miaka 22. Wafadhili nimewaona wakija na kuondoka. Walituchimbia visima, wakaleta pampu, wakaleta na gari. Tulipoomba posho ya wainjilisti, tukaambiwa fungu hilo halipo. Pampu ilikuwa na bajeti ya vipuri. Mimi nililipwa kwa debe la mahindi." Akanyamaza, akang'oa majani mawili matatu. "Sikusema mama asijifungue salama. Nilisema mara hii moja, Neno nalo liezekwe bati."

Mimi niliyejiona nimemshinda mzee barazani sikuwa hata nimemsikia. Tangu siku ile nina utaratibu ambao wenzangu waliuona wa kitoto mwanzoni: mtu akitoa hoja nzito, hakuna ruhusa ya kuijibu mpaka anayetaka kujibu airudie kwa maneno yake, na mwenye hoja akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Inakula muda. Kikao kimoja kiliisha saa mbili usiku. Lakini nusu ya mabishano hufia hapo hapo, kwa sababu hapakuwa na bishano.

Baadaye mchungaji aliniazima nakala iliyofifia ya barua nisiyoijua, nikaona aibu mara ya pili. Mwezi Mei 1972 Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia, Walutheri wenzetu, liliwaandikia viongozi wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kule Geneva. Katibu mkuu wao wakati huo alikuwa Gudina Tumsa. Walieleza kwamba kanisa lao linakua kwa kasi, watu wanaomba kufundishwa Neno, lakini fedha za kutoka Ulaya na Marekani zinakuja kwa ajili ya miradi ya maendeleo, za uinjilisti hazionekani. Hawakuikataa miradi. Walichokataa ni kumkata mtu vipande viwili, mwili wake uwe na mfadhili na roho yake isiwe naye. Walisema mgawanyiko huo haukutoka Afrika, umetengenezwa na makanisa yanayotoa fedha. Barua ile iliwatikisa wakubwa hadi Oktoba 1974 ukafanyika mkutano Nairobi kulizungumza jambo hilo hilo. Gudina mwenyewe alikamatwa na Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, Julai 1979 akauawa; mabaki yake yalipatikana baada ya utawala huo kuanguka.

Mzee wangu hakuwahi kuisoma barua hiyo. Alikuwa ameiishi tu. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijauliza Biblia inasema nini juu ya hoja iliyo mezani, nauliza kwanza hoja yenyewe imetoka wapi. Mara nyingi tunachokiita tofauti ya kiteolojia ni mpangilio wa mafungu ya bajeti ya mtu mwingine, tukaurithi, tukautafutia mistari.

Na tuzungumze juu ya mistari. Sisi Walutheri tumefundishwa tangu Kipaimara kutofautisha Sheria, yaani Mungu anachoamuru, na Injili, yaani anachoahidi, halafu tukiingia barazani tunasahau. Rudi utazame yale maandiko mawili tuliyorushiana. Agizo la Mathayo 28 haliko peke yake: mstari wa 18 unatangulia, "Nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani," na mstari wa 20 unafunga kwa ahadi kwamba yuko pamoja nasi siku zote. Mzee alisoma kilichoko katikati tu, ahadi za pande zote mbili akaziacha. Mimi katika Mathayo 25 niliacha jambo linaloshangaza kuliko yote: wale wenye haki hawajui kwamba walifanya kitu. "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa?" Hawana daftari la mihtasari. Mimi nililigeuza andiko hilo kuwa fimbo, yeye akaligeuza lake kuwa fimbo, tukachapana. Kwa hiyo ushauri wangu ni rahisi na unachosha: andiko likitajwa kikaoni, lisomwe kwa sauti pamoja na yaliyolitangulia na yanayolifuata, na asome mtu asiye na upande. Sisi humpa kijana wa Kipaimara. Vijana husoma polepole, nayo husaidia.

Kuhusu Yakobo 2, wacha nijicheke kidogo. Luther katika dibaji zake za Agano Jipya la mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa sababu hakumwona Kristo akihubiriwa humo. Mimi Mlutheri nikamrushia mzee wa Kilutheri waraka huo huo, kifua mbele. Hata hivyo Luther huyo huyo aliutafsiri akauacha ndani ya Biblia. Alikuwa na kipimo, yaani andiko linalomleta Kristo kwa watu, lakini hakukigeuza kipimo kuwa mkasi.

Kipimo na mkasi: hapo ndipo Walutheri wa Marekani walipopasukia. Tuliwahi kumpokea mgeni kutoka usharika rafiki, mzee mpole mwenye magoti mabovu. Jioni moja akatusimulia kwamba mwaka 1974 alikuwa mwanafunzi wa Concordia Seminary, St. Louis, chuo cha Sinodi ya Missouri, mojawapo ya makanisa ya Kilutheri ya Marekani. Mkutano mkuu wa sinodi uliofanyika New Orleans mwaka 1973 ulikuwa umeyahukumu mafundisho ya walimu wengi wa chuo. Januari 1974 mkuu wa chuo, John Tietjen, akasimamishwa. Tarehe 19 Februari karibu walimu wote na wengi wa wanafunzi wakatoka chuoni kwa maandamano, wakaanza masomo mahali pengine kwa jina la Seminex, seminari iliyo uhamishoni.

Ugomvi ulihusu nini? Upande mmoja ulisema Injili ya kuhesabiwa haki kwa neema ndiyo moyo wa Maandiko, kwa hiyo mtu anaweza kuchunguza historia ya kitabu cha Yona au sura za kwanza za Mwanzo bila kuipoteza imani. Upande wa rais wa sinodi, Jacob Preus, ulijibu kwamba ukiifanya Injili peke yake kuwa kipimo, yaliyobaki katika Biblia yanakuwa ya kuchagua, na mwisho hata Injili hutakuwa na pa kuisimamisha. Nimezisikiliza hoja zote mbili nikaona kila mmoja alikuwa akilinda kitu cha kweli. Mgeni wetu hakujutia upande wake. Alichojutia ni kwamba rafiki yake wa bweni alibaki chuoni, na hawakuandikiana tena mpaka mmoja wao akafa.

Ukijua kisa hicho, utaelewa vizuri zaidi mengine yanayopita kwenye simu yako leo. ELCA, lile kanisa la Kilutheri la Marekani lililoundwa mwaka 1988, kundi la Seminex likiwa mojawapo ya yaliyoungana humo, liliamua mwaka 2009 kuruhusu watumishi walio katika mahusiano ya jinsia moja. KKKT lilikataa kwa Tamko la Dodoma la 2010, na mwaka 2013 Mekane Yesus likakata ushirika na ELCA pamoja na Kanisa la Uswidi. Msimamo wa kanisa langu naujua na ninausimamia. Ila nikiona mtu anatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba katika grupu la jumuiya, saa tano usiku, akiwagawa Walutheri wa dunia kuwa wa kweli na wa uongo, namwomba anipigie simu asubuhi. Chini ya jambo hilo kuna swali la zamani juu ya namna Maandiko yanavyotuamuru, na swali hilo halijibiki kwa sauti ya dakika saba.

Kwa upande mwingine, usije ukadhani nakushauri uwe mtu wa kukubali kila kitu. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri lililosomwa mbele ya Kaisari Charles wa Tano tarehe 25 Juni 1530, lina neno moja nalipenda katika ibara ya 7: inatosha. Kwa umoja wa kweli wa kanisa inatosha kukubaliana juu ya mafundisho ya Injili na utumishi wa sakramenti. Si lazima taratibu za wanadamu zifanane kila mahali. Neno hilo limetuokoa mara nyingi kwenye vita vya kwaya na kanzu. Lakini linaweza kutumika vibaya. Wapo Walutheri weupe wa Afrika Kusini waliodhani ubaguzi wa rangi ni siasa, kwamba Injili haiguswi. Juni 1977 Fungamano lilikutana Dar es Salaam, likasema hapana: kanisa linaloruhusu watu watengwe kwa rangi zao mezani pa Bwana limeigusa Injili yenyewe, na hapo kukiri imani ni kukataa. Katika mkutano huo huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 1984 kule Budapest makanisa mawili ya weupe yakasimamishwa uanachama.

Kwa hiyo swali ninaloandika juu ya ukurasa kabla ya ajenda nzito ni hili: jambo hili likienda vibaya, je, kuna mtu atakayenyimwa Neno, maji ya ubatizo au meza ya Bwana? Kama yupo, nitasimama hata nikibaki peke yangu. Kama hayupo, nitapiga kura yangu na kwenda nyumbani.

Na jambo la mwisho la kiutendaji, nimelichukua Marburg. Oktoba 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana katika mji huo wa Ujerumani kubishana juu ya Meza ya Bwana. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza "Huu ndio mwili wangu" na hakusogea hata inchi. Watu wanalikumbuka hilo tu. Wanasahau kwamba waliandika ibara 15, wakaafikiana katika 14 kamili, na hata ile ya 15 iliwashinda kwa sehemu tu. Ila hata baada ya hayo yote Luther alikataa kumwita Zwingli ndugu, na hilo silichukui. Ninalochukua ni orodha. Kila bishano kubwa, mihtasari yangu huanza na tuliyokubaliana, kwa namba, kabla ya tuliyoshindwa.

Tuliporudi mezani na yule mzee, orodha ilifika namba sita. Ya tatu ilikuwa kwamba mwinjilisti wa tambarare alipwe kwa fedha, siyo kwa mahindi. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyewahi kuiuliza. Kliniki ilimalizika. Kanisa la tambarare lina kuta na nusu ya paa, nusu nyingine ni turubai, na kila bajeti tunagombana tena. Mzee bado ananipinga, tena kwa Mathayo 28, ila sasa huanzia mstari wa 18. Jumapili iliyopita alinunua mkungu wangu mnadani kwa elfu ishirini, akaubeba mwenyewe begani, akanipitia langoni akiniambia tutakutana Alhamisi.