Mpangaji mwenye vocha ya serikali: mpokee, ila mchuje kama wengine

Wiki iliyopita niliandikiwa na mdogo wangu mmoja anayesoma makala hizi kutoka Houston. "Shikamoo dada. Hatimaye nimenunua nyumba ya kupangisha. Mtu wa kwanza kupiga simu ni mama mwenye Section 8, ile vocha ya serikali ya kumsaidia mtu kulipa kodi ya nyumba. Kwenye grupu letu la WhatsApp wote wananiambia nikatae, eti nyumba itageuzwa jaa. Wewe una uzoefu nao. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Jibu langu ni hili: mpokee. Nalisema nikiwa mmiliki wa nyumba mbili za kupangisha hapa eneo la Dallas, nyumba zilizotokana na shifti zangu za usiku za kulea wazee na lori la mume wangu. Hatukurithi hata senti. Kwa hiyo ninapokwambia fungua mlango, ujue nimeufungua wa kwangu kwanza.

Wengi wanaoupiga vita mpango huu hawajui hata unavyokwenda. Section 8 ilianza mwaka 1974. Fedha zinatoka HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, na zinasimamiwa na ofisi za nyumba za mitaa zaidi ya 2,000 nchi nzima. Zaidi ya kaya milioni 2 zinaishi kwa vocha hizo. Mpangaji anachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, na ofisi inamlipa mwenye nyumba kiasi kinachobaki. Unakuwa na mikataba miwili: mmoja na mpangaji, mwingine na ofisi. Basi. Hakuna anayekunyang'anya nyumba yako.

Nyumba yetu ya pili tuliinunua mwaka 2019. Ni ya matofali, vyumba vitatu, imejengwa 1972, na ilikuwa imekaa tupu muda mrefu. Mume wangu aliipaka rangi kila alipokuwa hayuko safarini. Watu wachache walikuja kuiona wakaondoka. Kisha akaja mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi, analea wajukuu wawili. Hakuanza na maneno. Alifungua bomba moja baada ya jingine na kusubiri maji ya moto yaje, akavuta maji chooni, akasukuma kila dirisha, akaniuliza kiyoyozi kina umri gani. Alipomaliza alitoa bahasha kwenye mkoba na kusema, huku akiangalia mlango wa kutokea, "Nina vocha."

Nilimwelewa papo hapo. Ndivyo anavyosema mtu aliyekwisha kukataliwa mara nyingi.

Mimi pia nimewahi kusema hivyo. Nilipofika nchi hii nilikuwa na makaratasi, nilikuwa na kazi, na nilikuwa na kodi ya miezi mitatu mkononi. Meneja wa apatimenti alitazama kompyuta, akaona sina historia ya krediti, yaani rekodi ya kukopa na kulipa, akanirudishia kitambulisho. Nilimsihi apige simu kazini kwangu aniulizie. Hakupiga. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na wote walisikia. Nikaenda kulala sebuleni kwa Mkenya mmoja na mkewe, watu wa Nakuru, Mungu awabariki popote walipo. Miaka imepita, nimejenga maisha, na jambo lile bado linaniuma. Sioni haya kulisema.

Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa Waafrika wenzangu. Sisi tuliokataliwa kwa sababu ya krediti, kwa sababu ya lafudhi, kwa sababu ya jina gumu kutamka, ndio leo tunaosema "hao watu". Hao watu gani? Mjane? Askari mstaafu? Bibi anayelea wajukuu kwa hela ya pensheni? Taasisi ya Urban Institute ilifanya utafiti mwaka 2018, wakawapigia simu wenye nyumba wa miji mitano wakiuliza kama wanapokea vocha. Fort Worth, hapa jirani, waliokataa walikuwa asilimia 78. Washington, D.C. walikuwa asilimia 15. Sitaki jina langu liwe kwenye hiyo 78.

Nilipowaambia wenzangu wa chama kwamba nimempa yule bibi nyumba, dada mmoja ninayemheshimu alisema mbele ya wote, "Umechoka kuwa na nyumba." Wakacheka. Sikujibu. Nilimaliza chai yangu nikaondoka.

Sasa nikupe ukweli wote, maana sikuandikii ili nikupambie.

Kwanza kuna ukaguzi. Kabla hujalipwa chochote, mkaguzi anakuja nyumbani na orodha yake. Sisi hatukupita mara ya kwanza. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa halifungi kitasa. Hita ya maji ilikosa bomba la kushusha maji ya moto chini pale valvu ya usalama inapofunguka. Na fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa inabanduka rangi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkunja uso mkaguzi: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na mjukuu mdogo alikuwa hajafika miaka 6. Mtoto akila vipande vya rangi hiyo anaweza kuharibika ubongo. Tulitafuta fundi anayejua kazi hiyo, akarekebisha, mkaguzi akarudi, tukapita. Niseme kweli, nilimshukuru. Vitu vyote vitatu vilipaswa kutengenezwa hata kama mpangaji angekuwa daktari.

Halafu pesa ya mwanzo inachelewa. Ofisi iliyotuhudumia ilichukua karibu miezi miwili kabla ya kuweka malipo ya kwanza, wakati benki ya mkopo wetu haikusubiri hata siku moja. Yalikuja yote kwa pamoja, pamoja na malimbikizo, lakini katikati hapo nilichukua shifti za ziada hadi miguu ikavimba. Na kumbuka, sehemu ya ofisi huwezi kumdai mpangaji. Yeye anadaiwa ya kwake tu. Kwa hiyo uwe na akiba ya kodi ya miezi miwili au mitatu kabla hujaweka saini. Nitalirudia hili.

Baada ya hapo pesa inaingia benki mwanzo wa mwezi, mwezi baada ya mwezi. Kodi yetu ilikuwa dola 1,550. Bibi alilipa 312, ofisi ikalipa 1,238. Kama mshahara.

Kisha ikaja korona. Mpangaji wa nyumba yetu ya kwanza hakuwa na vocha. Alikuwa na kazi nzuri hotelini karibu na uwanja wa ndege, krediti yake safi, yaani yule mpangaji ambaye grupu zima la WhatsApp lingemshangilia. Machi 2020 hoteli ikafungwa. Akalipa nusu, kisha robo, kisha akaacha kupokea simu. Kuanzia Septemba 2020 serikali ikazuia kuwatoa wapangaji walioshindwa kulipa kwa sababu ya korona, na zuio hilo liliondolewa na Mahakama ya Juu Agosti 2021. Simlaumu kwa kupoteza kazi, ila deni alilotuachia hatukulipwa hadi leo. Katika miezi yote hiyo, nyumba ya bibi mwenye vocha haikukosa kodi hata mwezi mmoja. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi: kipato cha mpangaji mwenye vocha kikishuka, anaripoti ofisini, mchango wake unapungua na sehemu ya ofisi inaongezeka. Ile nyumba niliyoambiwa ningeipoteza ndiyo iliyolipia mkopo wa ile nyingine.

Februari 2021 tukapigwa na baridi ile iliyozima umeme sehemu kubwa ya Texas. Nilikuwa kazini, nimekwama na wazee, aliyepaswa kunipokea hakuweza kuendesha kwenye barafu. Simu ikalia alfajiri. Bomba la darini limepasuka, maji yanashuka sebuleni. Kabla sijasema kitu bibi akaniambia ameshafunga koki kuu. Alikuwa ametoka nje na koleo la marehemu mumewe, akabandua barafu kwenye mfuniko wa boksi la mita kando ya barabara, akaizungusha koki mpaka maji yakakata. Alinitumia picha: zulia limekunjwa na kusogezwa ukutani, sufuria zangu mbili nilizowaachia zimetegwa chini ya ufa, wajukuu wamevaa makoti wamekaa juu ya meza ya jikoni. Kwa jirani yake, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, dari lilianguka lote. Letu tulibandika kipande kimoja cha ubao wa jasi na kupaka rangi.

Yule dada wa chama alinipigia baadaye kuniuliza fomu za Section 8 zinapatikana wapi. Nilimpa.

Lakini usije ukasikia haya ukampokea kila mwenye vocha anayebisha hodi. Vocha inasema serikali italipa sehemu yake. Haisemi huyu mtu ni muungwana. Kazi ya kumchuja mpangaji ofisi haikufanyii, ni yako, na sheria inakuruhusu kutumia vigezo vilevile unavyotumia kwa wengine. Ofisi inapaswa kukupa jina na anwani ya mwenye nyumba wake wa sasa na wa kabla yake ikiwa inazo. Ziombe. Piga simu. Muulize yule wa kabla zaidi ya huyu wa sasa, maana wa sasa anaweza kumsifia ili amwondokee. Mimi nilimpigia wa kabla, mzee mmoja, akaniambia bibi alikaa kwake miaka na alipoondoka alisugua jiko. Kwangu hiyo ilitosha kuliko alama yoyote ya krediti.

Tena mpangaji mwenye vocha ana sababu ya kukaa vizuri. Akivunja mkataba vibaya anaweza kuipoteza, na vocha haipatikani kirahisi: kati ya kaya nne zinazostahili msaada wa nyumba nchi hii, ni moja tu inayoupata. Watu wanasubiri miaka.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mambo mawili yanayotuponza. La kwanza ni undugu. Huwezi kupokea vocha ya mzazi wako, mtoto wako, babu, bibi, mjukuu, kaka wala dada yako. Ofisi inaweza kuruhusu tu pale ambapo nyumba hiyo inamfaa ndugu mwenye ulemavu. Usijaribu kuficha. La pili ni ile hela ya pembeni. Kuna mtu atakwambia, kodi iliyokubaliwa ni ndogo, mwambie mama akuongezee dola 200 mkononi. Huo ni wizi, na ukishikwa utafukuzwa kwenye mpango na unaweza kushtakiwa. Kama unaona kodi haitoshi, andika ombi la kuongeza siku 60 kabla, ofisi ilinganishe na nyumba za mtaani kisha iamue. Tulifanya hivyo na tukaongezewa.

Uliza pia ni vocha ya aina gani. Mwaka 2021 zilitolewa vocha 70,000 za dharura kwa sababu ya korona, na mwaka 2025 HUD iliziambia ofisi kwamba fedha zilizotolewa ndizo za mwisho. Mwenye vocha hiyo si mtu mbaya, ila wewe unahitaji kujua ofisi yake imejipangaje kumhamishia kwenye vocha ya kawaida. Na weka akiba. Nimesema nitalirudia.

Nimeyaeleza haya kama mtu wa Texas, ambako sheria ya mwaka 2015 iliikataza miji kuwalazimisha wenye nyumba kupokea vocha, isipokuwa kwa maaskari wastaafu. Hapa una hiari. Ninyi wa Massachusetts, California na jimbo la Washington hamna: kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha ni kosa kisheria huko. Nimeona Watanzania na Wakenya wa Lowell na Seattle wanaandika kwenye matangazo yao "hatupokei Section 8" kwa herufi kubwa. Futeni leo, kabla barua ya mwanasheria haijawafikia. Na hata mahali ambapo sheria haikulazimishi, mwajibu mtu kama mtu. Mungu alikupa nyumba, hakukupa kiti cha enzi. Wewe uliyekuwa unapanga mstari kuomba chumba, leo mwingine amesimama mbele yako na bahasha. Usimtazame kompyutani, mtazame usoni, kisha piga zile simu zako.

Fanya haraka pia, kwa sababu vocha ina muda. Akipewa, mpangaji anapata angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na muda huo ukiisha bila nyongeza anairudisha na kuanza upya. Saa haikomi wakati wewe unaendelea kutafakari. Akikuletea fomu ya kuomba kibali cha nyumba, jaza sehemu yako na kuirudisha wiki hiyohiyo. Kama umeshamchuja na umeona hafai, mwambie siku hiyohiyo kwa maneno yanayoeleweka, ili siku zilizobaki azitumie kubisha mlango mwingine.