Wadogo zangu wa domeni, sogeeni

Jana nimewaona wawili wenu mkigongeana mikono kwa kuwa modeli yenu, ya kubashiri domeni zipi za protini (sehemu zenye umbo na kazi zake) zinashikana, imepatia karibu kila jozi. Nilinyamaza. Furaha ya aina hiyo naijua, na aibu inayoifuata naijua zaidi.

1. Jueni faili limetoka wapi. Mwaka wangu wa kwanza nilipakua DOMINE nzima, hifadhidata ya jozi za domeni zinazoshikana, nikafundishia modeli, kisha nikachukua 3did, hifadhidata nyingine ya jozi hizo, eti ya kupimia. Maelezo sikusoma. Lau ningesoma, ningejua kwamba DOMINE ilikwisha kuzimeza jozi za 3did na za mwenzake iPfam zilizotoka kwenye miundo ya PDB (hazina ya maumbo ya protini), ikaongezea na za kubashiriwa. Mtihani nimeutoa mimi, majibu nimeyagawa mimi. Na msidhani sikuondoa marudio! Niliondoa. Ila faili moja lilianza na PF00017 (domeni ya SH2) kisha PF07714 (domeni ya kinasi), lingine likageuza, na skripti yangu ikaziona ni jozi mbili zisizojuana. Nikasimama kikaoni na grafu yangu ya rangi. Dada mmoja mtafiti, anamenya chungwa, akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo ya SH2 na kinasi, iko pande zote mbili?" Nikafungua faili palepale. Ipo. Nikajaribu nyingine, ipo. Ya tatu, ipo. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Yeye akaendelea na chungwa lake. Siku hizi napanga vitambulisho, kidogo mbele kikubwa nyuma, hata chai sijanywa.

2. Jozi hiyohiyo ina mtego mwingine. SH2 na kinasi hukaa kwenye mnyororo mmoja wa protini iitwayo Src, kwa hiyo kugusana kwao humo si ushahidi kwamba protini mbili zinashikana. 3did inazo za ndani ya mnyororo na za kati ya minyororo. Tenganisheni.

3. Alama 1 isiwalevye. Njia iitwayo "association" ni kugawanya tu: jozi za protini zinazoshikana zenye domeni hizo, chini yake jozi zote zenye domeni hizo. Domeni adimu iliyoonekana mara moja inapata moja juu ya moja, sawa na moja. Timu imecheza mechi moja, mnaipa kombe! Na mechi yenyewe huenda ni kosa la jaribio la hamira (yeast two-hybrid), lile la kuangalia kama protini mbili zinashikana.

4. Andikeni toleo la Pfam, hifadhidata ya familia za domeni inayotoa vitambulisho hivyo vya PF. DUF (domeni isiyojulikana kazi yake) ya leo kesho ina jina.

Aliyechanganya matoleo mawili kwenye jedwali la juzi nakujua. Kesho njoo na chungwa.