Bomba kutoa jasho si kuvuja

Mwaka wangu wa kwanza kuhudumia mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hapa Mombasa, nilikaza klipu moja ya mpira wa maji siku nne mfululizo. Kila asubuhi nakuta kidimbwi chini yake. Kumbe ni jasho. Bomba la maji baridi likivuliwa koti lake la kukinga joto, kwa hewa yetu hii, tena majira ya tangambili upepo umelala, hutoa jasho kama chupa ya soda mezani. Kuvuja kwenyewe kulikuwa juu ya paa, kwenye pampu ya chila, mashine inayopoza maji hayo, na mimi sikupanda kwa kuogopa jua.

Siku hizi nafuta kwanza, nakausha, kisha nazungusha tishu nyeupe kwenye kiungo na kusubiri. Jasho ni maji matupu. Maji ya chila kwa kawaida yamechanganywa na glaikoli, dawa ya kuzuia kuganda na kutu, na mara nyingi imetiwa rangi. Tishu ikipata rangi, au vidole vikinata, hilo si jasho. Usionje, kuna glaikoli ya sumu.

Lakini shahidi ninayemwamini zaidi ni selotepu. Nabandika kipande kwenye tanki la chila, napiga mstari usawa wa maji, naandika tarehe na saa. Napima mashine ikiwa katika hali ileile, kwani maji yakipata moto hupanda. Mstari ukiachwa juu wiki hadi wiki, maji yanatoka mahali hata kama sakafu ni kavu. Kinachotuponza ni mtu wa zamu kuongeza maji ya mfereji, au ya kisima chenye chumvi, kimyakimya. Geji inapendeza, glaikoli inazimuka, kutu inaanza.

Huko juu tazama viungo vya shaba: ukijani na ukoko mweupe ndizo alama za kuvuja polepole. Chumvi ya bahari nayo hula mapezi ya kondensa, yale mabati membamba ya kutolea joto.

Chila ikizima, kompresa ya heliamu, inayosaidia kuipoza sumaku, nayo huzima, na ule mlio wa chwi-chwi chumbani unakatika. Sumaku imelala ndani ya heliamu ya majimaji ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu hiyo huanza kuchemka na kuwa gesi. Ukikuta kimya, wacha mopu, mpigie fundi wa sumaku. Alamu ya oksijeni ikilia, huenda gesi hiyo imefukuza hewa chumbani: toka nje.

Ule mpira wangu nilikuja kuubadilisha baadaye. Klipu ilikuwa imeukata, ukavuja kweli.