Maswali na Majibu: Bahari na Nyika za Devon

Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ina pwani mbili. Kati yake kuna Dartmoor, nyika ya mwinuko yenye nyasi, miamba na vinamasi. Haya ndiyo maswali ya safari hii kutoka kwa wasomaji waishio huku Uingereza.

Tunakwenda pwani ya kaskazini na watoto. Tunataka kupita mchangani chini ya majabali, kutoka ghuba moja hadi nyingine. Sisi ni watu wa Tanga, bahari tunaijua. Kuna la kuongeza?

Lipo, nalo ni kimo cha maji. Mengine mnayoyajua yanafaa huku pia: bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji mafu huja katikati, na kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Lakini Tanga bamvua hupanda mita 3 hadi 4, ilhali Ilfracombe, mji wa pwani hiyo ya kaskazini, hupita mita 8, kwa sababu Mlango wa Bristol, mkono wa bahari ulio mbele yake, unazidi kuwa mwembamba kama faneli na maji hayana pa kwenda ila juu.

Tuseme siku hiyo maji yanapanda mita 8.4. Gawanyeni kwa 12, kila fungu ni mita 0.7. Kwa saa sita za kujaa, maji hupanda mafungu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Saa ya kwanza mnaona sentimita 70 tu, mnaendelea kuokota kombe. Saa ya tatu peke yake ni mita 2.1, kupita kimo cha baba yao. Tena maji hayatangulii pale mlipoketi. Hufika kwanza kwenye ncha za majabali pande zote mbili za ghuba, njia ikafungwa nanyi bado mmekaa pakavu.

Kwa hiyo ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na maji yanapogeuka muwe tayari mnarudi. Someni maelezo ya jedwali: mengi huandikwa kwa saa za GMT, nanyi majira ya kiangazi lazima muongeze saa 1. Na saa 13:20, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ni saa 7:20 mchana. Ikiwa shangazi anawasubiri juu, kubalianeni mnatumia saa ipi. Mkizingirwa msipande jabali, mawe yake hubomoka. Pigeni 999 na mtaje neno "Coastguard", yaani walinzi wa pwani.

Nina kilo 80 na ninajifunza kuteleza juu ya mawimbi. Nimekodi ubao mfupi kwa kuwa ni mwepesi, lakini kila wimbi linanipindua. Nakosea wapi, kaka?

Ubao ndio kosa la kwanza. Kwa uzito wako kodi ubao laini wa futi 8 hadi 9, na uende ufukwe wa Saunton, ambako mawimbi huvunjika polepole na mbali. Baki kwenye maji ya kiunoni ukitumia povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Lala hadi pua ya ubao iwe sentimita 5 hivi juu ya maji. Ukisogea mbele mno, pua inazama nawe unapinduliwa, na ukirudi nyuma mno, wimbi linakupita. Kamba ifungwe mguu wa nyuma, na ubao usikae kamwe kati yako na wimbi, utakupiga kifua.

Ingia penye bendera za miraba myeusi na myeupe. Nyekundu na njano ni za waogeleaji. Jihadhari na ukanda wa maji yaliyotulia kati ya mawimbi yanayovunjika: wageni hupachagua wakidhani ni pazuri, kumbe ndipo mkondo unaporudi baharini. Ukikuvuta, shikilia ubao, inua mkono uite msaada, wala usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kurudi ufukweni.

Suti ya mpira ya milimita 3/2 (unene wa 3 kiwiliwilini, 2 mikononi na miguuni) yatosha Agosti. Ikubane kabisa, kwani suti pana huingiza maji baridi kila unapogeuka.

Mimi na dada yangu tumepanga kilomita 12 Dartmoor, kupanda jumla ya mita 450 na kufika kilele cha High Willhays. Saa 2 na nusu zitatosha?

Hazitatosha. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ni saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwenu ni saa 2 na dakika 24, ongeza dakika 45: saa 3 na dakika 9, bila kupumzika wala kula. Mafundo ya nyasi ya Dartmoor yanachosha vifundo vya miguu, kwa hiyo tengeni saa 4 na nusu.

High Willhays, mita 621, imo ndani ya eneo la jeshi la kulenga shabaha. Angalieni ratiba ya ufyatuaji kabla ya kuondoka, na mkiona bendera nyekundu zimepandishwa msivuke mipaka.

Ukungu ukishuka, simu isiwe tegemeo pekee. Laza ukingo wa dira juu ya ramani kutoka mlipo hadi mwendako, mshale wake ukielekea mbele. Zungusha kibao (duara lenye namba za nyuzi) hadi mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani. Inua dira, geuka mwili mzima hadi sindano nyekundu iingie kwenye mshale wa kibao, kisha fuata. Simu iliyo karibu na dira huivuruga sindano. Epukeni penye kijani kinachong'aa na vishada vyeupe kama pamba, hapo ni kinamasi.

Naruhusiwa kulala kwenye hema huko nyikani?

Dartmoor ndiyo, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo Mei 2025. Ni kwenye maeneo yaliyoonyeshwa tu kwenye ramani ya mamlaka ya hifadhi, usiku mmoja au miwili, mbali na barabara. Jiko dogo la gesi linafaa. Moto wa kuni hauruhusiwi.

Nimekuta kupe mguuni. Nimpake mafuta aachie?

Hapana, wala usimchome. Mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kumminya. Kupe wa huku huweza kubeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria ambayo mara nyingi huanza kwa doa jekundu linalotanuka. Kagua ngozi kwa miezi 3, hasa wiki 4 za mwanzo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi, doa linaweza kufanana na jeraha la kugongwa, basi angalia kama linatanuka. Likitokea, nenda kwa daktari na umtajie tarehe na mahali ulipoumwa.