Jibu: Kitabu changu na cha mtoto wa darasa la nne

Dada, umeuliza kitabu cha kusoma wewe jioni na kingine cha binti yako, maana Moshi mnapata vya shule tu. Kwako wewe, bila kusita: Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, na Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondoka nyumbani na tajiri anayemwita Ami Aziz akidhani anakwenda matembezi, kumbe ametolewa rehani kwa sababu babake ameshindwa kulipa deni. Mwanzoni kabisa yuko stesheni anawakodolea macho Wazungu wawili, wa kwanza kuwaona maishani. Niliyasoma hayo kwenye Coaster ya kutoka Arusha, nikashtukia tuko Boma Ng'ombe. Kiswahili chake kimetulia, huhisi tafsiri hata kidogo.

Binti mtafutie Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, yaani Alice in Wonderland ya Lewis Carroll, tafsiri ya Ida huyohuyo, ya 2015. Msomeeni kwa zamu, kwa sababu maneno mengine yatamchekesha zaidi akiyasikia kwa sauti yako. Akikwama, muanzishie hadithi fupi za watoto za tovuti ya African Storybook. Ni za bure, zimepangwa kwa viwango na zina picha. Unazipakua kwenye simu, au unachapisha stesheneri.

Usianze kununua kabla hujapita maktaba ya mkoa hapo Moshi uwaulize. Duka la vitabu likikuambia hawana Peponi, waombe wakuagizie Dar. Inastahili kusubiriwa.