Kiwanda Hiki ni Sawa na Watu Wangapi? Ushauri wa Kupima Mzigo wa Majitaka

Viwanda vingi hulipia huduma ya majitaka kwa mita za ujazo, na ndiyo maana swali la kwanza linaloulizwa mezani huwa ni maji kiasi gani yanatoka kiwandani. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikichukua sampuli kwenye machinjio, viwanda vya maziwa na mitambo ya kumenya kahawa, nimejifunza kuanza na swali jingine: uchafu uliomo ndani ya maji hayo ni sawa na uchafu wa watu wangapi? Jibu lake humwezesha diwani, mwenye kiwanda na mhandisi wa mabwawa ya kusafishia majitaka kuzungumzia jambo moja kwa namba moja, ilimradi namba hiyo imepatikana kwa njia sahihi.

Kila mtu, kwa kwenda chooni, kuoga, kufua na kuosha vyombo, huingiza kwenye majitaka kiasi fulani cha uchafu unaooza, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Maabara huifungia sampuli ndani ya chupa, gizani, kwa siku 5 katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, kisha hupima oksijeni iliyotumika, na matokeo hayo ndiyo tunayoyaita BOD. Sheria ya majitaka ya mijini iliyopitishwa Ulaya mwaka 1991 iliweka gramu 60 za BOD kwa siku kuwa mzigo wa mtu mmoja, lakini miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inaukadiria mzigo wa mtu mmoja Afrika kuwa gramu 37. Tofauti hiyo si ndogo. Anayegawanya mzigo wa kiwanda cha mjini kwetu kwa gramu 60 anapata idadi ya watu wa Ulaya, ilhali mabwawa yanayoupokea mzigo huo yanahudumia watu wa hapa. Kwa hiyo ninashauri kila ripoti itaje gramu zilizotumika, katika sentensi ileile yenye idadi ya watu, kwa sababu namba isiyo na maelezo hayo haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha mita za ujazo za siku nzima kwa miligramu za BOD katika kila lita, gawanya kwa 1,000, nawe utapata kilo za BOD kwa siku. Tuchukue mfano wa kiwanda cha maziwa kinachotoa mita za ujazo 50 kwa siku, zenye miligramu 1,500 kwa lita. Mzigo wake ni kilo 75, sawa na watu 1,250 kwa gramu 60, au takriban 2,030 kwa gramu 37. Ukiyatazama maji peke yake, na ukikadiria kila mkazi lita 100 kwa siku, kiwanda hichohicho kinaonekana kuwa sawa na watu 500 tu. Bwawa la wazi la kutegemea mwani, katika joto la nyuzi 25, hukadiriwa kumudu takriban kilo 350 za BOD kwa hekta kwa siku, na hivyo kiwanda hiki kingehitaji zaidi ya sehemu ya tano ya hekta kwa ajili yake peke yake. Hapo ndipo mazungumzo na mwenye kiwanda yanapobadilika.

Ugumu upo kwenye kupata namba mbili za mwanzo. Usitegemee dira ya maji yanayoingia, kwa sababu viwanda vingi vina visima vyao. Pima maji yanayotoka. Kwenye mfereji mdogo, kibao cha chuma chenye mkato wa pembe tatu ya nyuzi 90 kinatosha kabisa, mradi kina cha maji kisomwe nyuma kidogo ya kibao, wala si pale yanapomwagikia, maana hapo uso wa maji umekwisha kushuka. Kina cha sentimita 10 juu ya ncha ya mkato ni takriban lita 4 na nusu kwa sekunde, lakini kina kikiongezeka maradufu, mtiririko huongezeka zaidi ya mara tano, kwa hiyo kosa dogo la kusoma rula huwa kosa kubwa kwenye ripoti. Sampuli nazo zichukuliwe kila saa, usiku na mchana, zichanganywe kwa kadiri ya mtiririko wa kila saa, na zikae kwenye barafu mpaka maabara.

Kwenye viwanda vya maziwa kuna jambo linalohitaji umakini zaidi. Matangi na mabomba husafishwa kwa soda kali na tindikali, mara nyingi usiku, na maji hayo yakiingia kwenye chupa ya BOD bila kurekebishwa pH, yaani ukali wake wa tindikali au soda, na kuongezewa bakteria hai, vijidudu hufa na maabara husoma namba ndogo ajabu. Namba ndogo namna hiyo isipokelewe kwa furaha. Pima na COD ya sampuli hiyohiyo, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali badala ya bakteria: kwenye majitaka ya nyumbani, COD huwa karibu mara mbili ya BOD, na uwiano ukifika mara nne au tano, ama kuna kitu kisichoozeka, ama kuna kitu kinachoua bakteria.

Machinjioni, mzigo mkubwa unaonekana kwa macho. Alfajiri, ng'ombe wanapochinjwa, mfereji hupita damu nzito inayoanza kuganda pembeni, na saa chache baadaye mfereji huohuo una maji mengi ya kuoshea sakafu, yenye rangi ya waridi hafifu. Anayefika saa nne asubuhi hataujua mzigo wa siku hiyo. Lita moja ya damu ina takriban gramu 150 za BOD au zaidi, hivyo lita 10 za ng'ombe mmoja ni kilo 1.5, sawa na watu 40 kwa gramu 37. Ng'ombe 40 wakichinjwa, na damu yote ikaachiwa mfereji, ni sawa na kijiji cha watu 1,600, kabla hata ya kuhesabu mavi ya utumbo. Damu ikikingwa kando ikakaushwa kuwa chakula cha kuku, mzigo huo haufiki bwawani kabisa, na sijaona mtambo wa kusafisha majitaka unaoweza kushindana na hatua hiyo kwa bei.

Kwa kilimo, hesabu ina masharti yake. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa mwenye kilo 600 hutoa kinyesi na mkojo wenye BOD ya karibu kilo 1 kwa siku, lakini samadi inayokwenda shambani si mzigo wa mto. Hesabu kile tu kinachofika majini. Kahawa ya kuosha nayo ina msimu wake, kwa hiyo usigawanye mzigo wake kwa mwaka mzima. Sheria ya Ulaya niliyoitaja hutumia wastani wa wiki yenye mzigo mkubwa kuliko zote katika mwaka, na hilo ni la kuiga, kwa maana mto hupokea majimaji yenye utelezi wa kahawa katika wiki za mavuno, si katika wastani. Mtambo wa kumenya unaotumia maji machache ni jambo jema, ila huokoa maji zaidi kuliko unavyopunguza uchafu: utelezi uleule hubaki ndani ya maji machache, na BOD kwa lita hupanda.

Kiwanda cha ngozi kinachotumia kromiamu kinaweza kuonekana sawa na watu 300 na bado kikaharibu bwawa zima, kwa kuwa kipimo hiki hakioni metali nzito, wala hakihesabu nitrojeni, chumvi au vijidudu vya magonjwa. Kwa kiwanda cha namna hiyo, daini matokeo ya kromiamu yapimwe peke yake kabla bomba halijaunganishwa, hata kama idadi ya watu iliyoandikwa kwenye maombi ni ndogo.