Tiketi ya taa za Krismasi, Kew

Mmeuliza kama tiketi ya mchana ya Kew Gardens, ile bustani ya mimea ya London, itawaingiza pia kwenye taa zake za Krismasi. La, haiwaingizi. Taa zina tiketi yake, yenye saa ya kuingia, na za wikendi huisha mapema. Mkipata ya saa kumi na moja jioni chukueni tu, msidhani mtakuta bado mchana kama hapa Nairobi: kule Desemba jua huzama kabla ya saa kumi, sisi tunalo hadi kama saa kumi na mbili na nusu. Dadangu anakaa karibu na Kew, ndiyo maana najua. Njia ya kuzitazama taa ni ya mguu, karibu kilomita 3, kwa hivyo huyo mtoto wenu mdogo avae soksi mbilimbili. Vidole vikianza kuuma, hata handaki la taa halitazamiki.